Ukifilisika Marekani, deni la utapeli linabaki, la uzembe linafutwa

Mimi nafanya kesi za kufilisika za Marekani na wadai wengi wanakuja na hasira ileile, huyu jamaa kanidhulumu mbona korti inataka kumfutia deni? Huwa nawauliza kwanza, alikusudia kukuumiza au alizembea tu?

Kikawaida muflisi anafutiwa madeni aanze upya, ila kifungu cha 523 cha sheria ya kufilisika ya huko kinataja madeni yanayobaki shingoni kwake, na yanayobishaniwa sana ni lile la udanganyifu na lile la kumuumiza mtu au mali yake kwa makusudi na nia ovu.

Hilo neno makusudi ndo linaloeleweka vibaya zaidi. Kwenye kesi ya daktari Geiger ya 1998, daktari huyo alikuwa anatibu jeraha la mguu, akatoa penisilini ya kumeza wakati anajua ya kwenye mshipa ni bora zaidi, akidai mgonjwa alitaka kupunguza gharama, akasafiri, wenzake wakapanga kumhamishia mgonjwa kwa mtaalamu wa maambukizi, yeye kurudi akafuta mpango huo na kusimamisha antibiotiki zote, mama wa watu akaishia kukatwa mguu chini ya goti. Aliamriwa kulipa kama dola 355,000, bima hana, akafilisika. Mahakama ya Juu ikasema kwa kauli moja deni linafutika, kwa sababu haitoshi mtu awe amekusudia kitendo, lazima awe amekusudia madhara yenyewe. Inaniuma kila nikiisoma hukumu hiyo lakini naona ni sahihi, maana bila hivyo hata dereva aliyekata kona bila kuangalia gari linalokuja angeitwa aliyeumiza mtu kwa makusudi.

Sasa udanganyifu umeenda njia tofauti kabisa, wenyewe unazidi kupanuka. Wengi walidhani lazima mdaiwa awe amekuambia uongo ukauamini, mpaka ikaja kesi ya Husky mwaka 2016, mkurugenzi alihamisha hela za kampuni yake kwenda kampuni zingine anazozimiliki, Husky, kampuni iliyokuwa inaidai kampuni yake kama dola 164,000, ikakuta hakuna kitu. Hakuidanganya Husky kwa neno lolote ila mahakama ikasema kuhamisha mali ili mdai asiifikie ni udanganyifu halisi, na sheria ya Uingereza ilishalikataza hilo tangu 1571.

Halafu 2023 ikaja ya Bartenwerfer. Wapenzi waliokuja kuwa mume na mke walikarabati nyumba San Francisco wakaiuza, mume kaficha kasoro, mke hajui chochote, na bado deni likambana mke naye, kisa walikuwa wabia kwenye biashara hiyo na kifungu kinauliza hela ilipatikanaje, hakiulizi nani alidanganya. Hii naiona kali sana, ila kama una mbia ujue uongo wake unaweza kukufuata hadi kwenye kufilisika kwako.

Kwa upande wa ushahidi mdai hahitaji kuthibitisha bila shaka yoyote kama kwenye jinai, tangu hukumu ya kesi ya Grogan ya 1991 inatosha maelezo yako yawe na uzito kuliko ya mwenzako. Tatizo kubwa ni muda, yaani lazima ufungue shauri lako la kupinga deni lisifutwe ndani ya siku 60 kuanzia tarehe ya kwanza iliyopangwa ya mkutano wa wadai, na mdai aliyepewa taarifa akazembea hizo siku zikapita deni linafutwa hata kama ana barua na risiti zote za utapeli mkononi.