Hita haijafa, mzee: draya yako imezibwa pumzi

Wiki iliyopita, saa moja kasoro asubuhi, uji haujapoa mezani, simu inaita. Ni mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni upande wa Shangani. "Fundi, draya inazunguka ila haipati moto. Hita imekufa. Nimeshaagiza nyingine Dar, inakuja na basi. Wewe njoo uifunge tu."

Hiyo ni simu ya nne ya aina hiyo tangu wanunuzi wa korosho waanze kujaza vyumba vya mji wetu wa Mtwara, na mara zote nne hita, yaani kile kifaa cha kupasha hewa moto, ilikuwa nzima. Naandika leo ili wa tano nimtumie linki, mimi nimalize uji wangu.

Nazungumzia draya ya nguo, jamani, ile ya saluni iacheni. Nimeshaitwa Chikongola na begi zima la vifaa, nikakuta kofia ya kukaushia nywele. Niliitengeneza, lakini siku ile nilikwenda na tesa ya kupimia umeme na bisibisi ndefu bure.

Sasa sikilizeni. Draya ni mashine ya upepo, moto ni msaidizi wake. Mama yeyote wa Mikindani anajua hili bila kufundishwa na mimi. Anika kanga mwezi wa saba, upepo wa kusi unavuma, hata jua likijificha: ukimaliza kuosha vyombo kanga imekauka. Anika kanga hiyo hiyo mchana wa Januari, jua la utosini, hewa imesimama, jasho linakutoka umekaa tu: jioni pindo bado lina unyevu. Joto lilikuwepo la kutosha. Kilichokosekana ni hewa ya kuyachukua maji na kuondoka nayo.

Ndani ya draya ni hivyo hivyo. Feni inavuta hewa ya chumbani, hewa inapita kwenye hita, inaingia kwenye pipa, inabeba unyevu wa nguo, inapita kwenye chujio, inatoka nje kwa bomba. Ziba popote kwenye njia hiyo uone. Hita haina habari kama upepo upo au haupo, inawaka na wati zake 2,000 au 2,500 kama kawaida. Joto linarundikana kwenye boksi la hita, themostati, swichi inayolinda joto lisizidi, inaona hatari, inakata. Pakipoa inarudisha, dakika chache inakata tena. Nguo zinaonjeshwa tu moto. Mwenye mashine anafungua mlango, anagusa shuka, la baridi, anatangaza: haipati moto. Kumbe imepata moto kupita kiasi, ila mahali ambapo hakuna nguo.

Hapa ndipo watu wananichosha. Ikikaa hivyo wiki kadhaa, siku moja themostati inachelewa kukata, au joto linapanda kwa kasi, na fyuzi ya joto inakata. Fyuzi hii haijirudishi. Ikishakata imekata, kazi yake imeisha, na hapo hita haitawaka tena kweli kweli. Kuna mashine ambazo badala ya fyuzi zina themostati ya usalama yenye kitufe kidogo cha kubonyeza, mara nyingi kimejificha nyuma. Watu wanakibonyeza, mashine inapona siku tatu, wanabonyeza tena, wanajiona mafundi. Kitufe kile kikiruka mara mbili, kinakuita ukaangalie bomba.

Halafu kuna wenzangu, sitawataja, wanaopiga dairekti. Fundi anafika, anapima fyuzi, anaona imekata, hana nyingine mfukoni, anachukua kipande cha waya anaunganisha ncha mbili. Moto unarudi, mteja anafurahi, fundi analipwa, anapanda bodaboda. Anachokiacha nyuma ni boksi la chuma lenye wati 2,500, lisilo na wa kulizuia themostati ikishindwa, limezungukwa na manyoya ya nguo yaliyokauka. Umewahi kusogeza kiberiti karibu na usufi? Manyoya ya nguo hayana tofauti. Kuna mteja aliyenijibu, "lakini fundi, imefanya kazi miezi miwili bila shida." Ndiyo, baba. Hata pikipiki isiyo na breki inafika Mikindani, mpaka siku mbuzi akikatiza barabara.

Nikikuta waya wa dairekti naukata mbele ya mwenye mashine, kabla hata sijapima kitu kingine. Wengine wananuna. Sawa tu.

Turudi Shangani. Nikaivuta mashine kutoka ukutani. Bomba la nyuma, lile la kukunjika kama kodiani, lilikuwa limebanwa kati ya mashine na ukuta hadi limekuwa bapa kama chapati. Hilo la kwanza. Nikazunguka nje kwenye tundu la kutolea hewa: dondora walishajenga. Nyumba tatu za udongo, zimekauka ngumu kama saruji, zimeziba zaidi ya nusu ya tundu. Nikalichomoa bomba, nikaingiza mkono mpaka kiwiko, nikavuta. Kilichotoka kilikuwa kama kipande cha blanketi la kijivu, kimeloa upande mmoja, kina harufu ya sabuni na uvundo. Mke wa mzee alisimama mlangoni akasema, "Yesu na Maria." Mzee mwenyewe alikuwa bado anaangalia simu, anafuatilia basi limefika wapi.

Chujio lenyewe lilikuwa safi, na hilo ndilo linalowapotosha wengi. Dada wa usafi alilisafisha kila siku, na alikuwa na haki ya kukasirika alipolaumiwa. Chujio linakamata sehemu tu ya manyoya. Mengine yanapita, yanakutana na unyevu bombani, yananata, yanakaribisha wenzao. Na hewa yetu ya bahari haisaidii.

Hita nilipima hata hivyo, maana mzee asingeniamini. Hili nitalipitia haraka: chomoa plagi, toa waya za hita, weka tesa kwenye ohimu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Hita ya wati 2,500 kwa umeme wa volti 230 isome kama ohimu 21; ya 2,000 kama 26. Isiposoma kitu, hapo imekufa, nunua. Pima pia kati ya ncha ya hita na bodi la chuma la mashine, isisome kitu. Ikisoma, umeme unavuja, ndiyo maana breka inaruka. Ya mzee ilisoma 21 na ushee. Fyuzi ndiyo iliyokuwa imekata. Nikaweka nyingine, nikafupisha bomba, nikalinyoosha, nikaweka wavu wenye matundu mapana kwenye tundu la nje kuwazuia dondora. Wavu wa mbu usiweke kabisa, utaziba kwa manyoya ndani ya wiki.

Ukitaka kujua mwenyewe kabla hujanipigia, chomoa bomba nyuma ya mashine, fungua madirisha, kausha nguo chache mara moja hivyo hivyo. Zikikauka vizuri, mashine haina kosa, bomba ndilo lenye kosa. Usiiache hivyo moja kwa moja, maana itakuwa inamwaga mvuke chumbani na kuuvuta tena.

Kuna nyingine ndogo ndogo. Umeme ukishuka jioni, draya inadhoofika kuliko unavyodhani, kwa sababu nguvu ya hita inafuata volti mara volti. Volti 180 badala ya 230 unaona kama upungufu wa robo hivi, lakini hita ya wati 2,500 inabaki na kama 1,530 tu. Kwa hiyo ukiniambia "mchana inakausha, usiku haikaushi", nitapima soketi kwanza. Na usiniletee stebilaiza ya televisheni.

Zile zinazofua na kukausha pamoja: soma kibandiko. Mashine inayofua kilo 8 mara nyingi inakausha kilo 5. Ukiacha zote 8 ndani, nguo zinakaa kama korosho kwenye gunia, hewa ipite wapi? Na dakika za mwisho mashine inapuliza hewa baridi makusudi, kwa hiyo acheni kugusa nguo mwishoni na kutoa hukumu. Kama inazima mapema nguo zikiwa bichi, angalia vile vibati viwili vya chuma ndani ya pipa vinavyopima unyevu. Sabuni ya kulainisha nguo inaviwekea utando. Vifute kwa siki. Nimelipwa pesa ya usafiri hadi Lindi kwa kazi ya kitambaa na siki, na niliona aibu, lakini si sana.

Video za Marekani ziacheni pia. Kule draya kubwa inatumia volti 240 kutoka kwenye waya mbili za moto, yaani zenye umeme, mota yake inatumia upande mmoja, kwa hiyo breka moja ikikata, pipa linazunguka bila moto. Ndiyo maana wanakwambia kakague breka mbili. Hapa kwetu soketi ina waya mmoja wa moto. Breka ikikata, hakuna kinachozunguka. Kuna kijana alitafuta breka ya pili nyumba nzima mpaka akazima friji la mama yake lenye samaki. Mwingine aliniuliza kwa nini asinunue draya ya gesi kama za huko, kwa kuwa gesi iko hapa hapa Mnazi Bay. Nikamwambia akaniletee bomba kutoka huko nami nitamfungia.

Kuna mambo ambayo mimi mwenyewe hayanikai sawa. Themostati, kwa mfano. Ukiipima ikiwa ya baridi inasoma nzima, halafu ikipata moto inakata kabla ya wakati. Nimeshabadilisha kadhaa kwa kuhisi tu, mashine ikapona, na mpaka leo siwezi kuapa kama ni themostati mpya iliyoponya au ni kule kuchomoa na kuchomeka tena vichwa vya waya vilivyoshika kutu ya chumvi. Hapa pwani vichwa vya waya vinanidanganya kuliko kifaa kingine chochote. Na fyuzi pia: mara chache nakuta imekata, bomba safi, feni nzima, volti sawa, kila kitu sawa. Labda uzee. Naweka mpya, namwambia mteja ikikata tena ndani ya mwezi anipigie, na usiku nalala nikiiwaza.

Mzee wa Shangani sasa anakausha mashuka kwa dakika hamsini, zamani alikuwa anarudia mara tatu. Hita yake mpya ilifika na basi siku ile ile, saa mbili baada ya mimi kuondoka. Ipo chini ya kaunta ya mapokezi, boksi halijafunguliwa. Juzi nilipopita kuangalia fyuzi, akanikaribisha ming'oko na chai, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, mkewe asisikie, kama simfahamu mtu mwenye draya ya aina hiyo ambayo hita yake imekufa kweli.