Jiki, mchanga na dumu la mvinyo

Hapa Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Kila msimu ukikaribia, watu wanaotengeneza mvinyo nyumbani huniuliza swali lile lile: niweke dawa gani kwenye dumu? Wengi wakiuliza hivyo, najua dumu lenyewe bado halijaoshwa likatakata. Dawa huja mwisho. Haipenyi kwenye mashapo yaliyokauka wala kwenye utando unaoteleza ukipitisha kidole. Inaua vilivyo juu tu, na vilivyojificha chini vinasubiri juisi. Kutakasa ni kwa chombo ambacho tayari ni kisafi kwa macho na kwa pua.

Tujue kwanza tunapigana na nani. Mvinyo ni mchachu, pH yake (kipimo cha uchachu) huwa kati ya 3 na 4, na una kileo, kwa hiyo vijidudu vya kuhara havistawi humo. Adui wetu ni bakteria wa siki. Wakipata hewa hugeuza kileo kuwa asidi ya siki, na wakati mwingine mvinyo huanza kunuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Hubebwa na vile vinzi vidogo vinavyozunguka ndizi zilizoiva, na kinzi kimoja kikitua kwenye mdomo wa dumu ambalo halikusuuzwa kimeshafika nyumbani. Anayepika bia huchemsha kimiminika chake kabla ya kutia hamira. Sisi hatuchemshi juisi ya zabibu, kwa hiyo chombo kichafu hakina cha kukisahihisha mbele ya safari.

Sasa dumu. Ni chombo cha bei rahisi, kila mtu analo, na ndicho kigumu kuliko vyote kuosha, kwa sababu mkono hauingii. Mazoea yetu ni kutia mchanga au kokoto na kutikisa kwa nguvu. Kwa dumu la maji ya kisimani sina neno. Kwa dumu la mvinyo ni kuliharibu: mchanga hukwangua plastiki, na kila mkwaruzo ni nyumba ya vijidudu ambayo hakuna brashi wala dawa itakayoifikia. Tumia mchele mkavu, konzi moja au mbili, na maji ya uvuguvugu. Unasugua bila kukwangua. Kwa sababu hiyo hiyo steelwire isiguse ndoo yako hata siku moja.

Ukiona ukoko mgumu wenye fuwele zinazong'aa, usiushambulie kwa kisu. Hiyo ni chumvi ya asili ya zabibu, inayoganda kwenye kuta mvinyo unapotulia. Maji ya moto huilegeza, na magadi huimaliza. Nasema magadi yale yale ya kulainishia maharage: yayeyushe, vijiko viwili vya chakula kwa lita ya maji ya uvuguvugu, chuja mawe na uchafu, jaza dumu, lala. Asubuhi mashapo yamejiachia yenyewe. Suuza mpaka utelezi uishe kabisa. Usiweke magadi kwenye sufuria ya aluminiamu, maana huila. Na kwa kweli aluminiamu haifai kukaa na mvinyo pia, maana asidi nayo huila.

Sabuni ya unga yenye manukato naikataa. Plastiki hunyonya harufu na kuitoa polepole, na mvinyo wenye harufu ya ua la kiwandani ni wa kumwaga. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shambani halirudi kwenye chakula, hata ulioshe vipi.

Kuhusu jiki, kwa maana ya klorini yoyote ya kung'arishia nguo nyeupe: inaua vijidudu, hilo halina ubishi. Ila klorini ikikutana na mbao au vizibo vya chupa vya gome la mti, kisha ukungu ukapita hapo, huzaliwa kitu kiitwacho trikloroanisoli. Kinanuka kama boksi lililolowa likawekwa stoo, na pua hukinasa hata kikiwa sehemu chache kwa trilioni. Kikishaingia kwenye mvinyo hakitoki tena. Na tafadhali sana, jiki isichanganywe na siki wala ndimu, hutoa gesi ya sumu. Mimi siiweki karibu na chumba cha mvinyo.

Ninachotumia ni potasiamu metabisulfaiti, unga wa kutakasia vyombo vya mvinyo, gramu 10, pamoja na asidi ya sitriki gramu 10, kwa lita moja ya maji. Asidi ndiyo inayoipa makali. Zungusha dawa hiyo ndani ya chombo iguse kila mahali, acha dakika 10, mwaga, kung'uta, suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Fanyia nje au dirisha likiwa wazi. Mwenye pumu asiikaribie, mvuke wake hubana kifua. Miiko ya chuma cha pua na vitambaa vya kuchujia, chemsha tu. Huku kwetu juu, zaidi ya mita 1,100, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Yanatosha, vipe dakika 15.

Spiriti ya asilimia 70 inafaa kwa haidromita, kile kipimo cha sukari ya juisi, na midomo ya chupa. Usidhani ya asilimia 95 ni bora, inakauka kabla haijafanya kazi. Iodini ya kuchovyea chuchu za ng'ombe, ambayo mtu wa duka la mifugo atakuambia ni sawa na iodini ya kutakasia vyombo, iache: imetiwa vilainisha ngozi.

Sehemu inayosahaulika ni koki ya ndoo. Watu husuuza kwa kufungua maji yapite, basi. Ifungue yote, toa mpira wa kuzuia kuvuja, angalia nyuma yake. Mara nyingi utakuta utando mweusi, na kila tone la mvinyo linapita juu yake. Mpira wa kuhamishia mvinyo usuuze hapo hapo unapomaliza, uninginize ncha zote mbili zikitazama chini ukauke. Ukishaota madoa ndani, usihangaike na magadi wala dawa. Kata mwingine dukani.