Presha haioshi peke yake: tunayoyaamini kuhusu mashine ya presha ya kuoshea, na ukweli wake

Kijana mmoja anayeosha nyumba na uwanja wa pevingi, yale matofali yanayopangwa chini uani, kule Mbezi alinipigia simu asubuhi, sauti imemwisha. Mashine yake ilikuwa inatoa maji kama ya bomba la bustani. Fundi alishamwambia pampu imekufa, anunue nyingine, na mwenye nyumba anasubiri getini. Nilimwomba afungue kiungio cha maji yanapoingilia kwenye mashine achungulie ndani. Kuna kichujio kidogo pale, hakizidi kifuniko cha kalamu. Alikivuta kwa koleo kikatoka kimefunikwa ute wa kijani na mchanga mweupe wa tanki. Akakisugua kwa mswaki wa zamani, akakirudisha, akawasha. Nilisikia kwenye simu ule mlio wa maji yenye nguvu kabla hajasema neno.

Nimeifanya kazi hii ya kuosha kuta, paa na pevingi kwa miaka mingi, na naumia nikiona vijana wanapoteza mtaji kwa mambo ambayo wangeelezwa mapema yasingewakuta. Haya ndiyo ninayoyasikia mara nyingi zaidi.

"Presha imeshuka, basi pampu imekufa"

Pampu yenyewe haitengenezi presha. Kazi yake ni kusukuma maji, na presha huzaliwa pale maji hayo yanapolazimishwa kupita kwenye tundu dogo la nozo, kile kichwa kidogo kwenye ncha ya bunduki ya maji unayoishika mkononi. Ni kama unavyobana mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Kwa hiyo presha ikishuka, jiulize mambo matatu: maji yanaingia ya kutosha? Yanavuja au kurudi njiani? Tundu la nozo limepanuka? Pampu ije mwisho.

Anza na ndoo. Angalia kibandiko cha mashine, kimeandikwa inahitaji lita ngapi kwa dakika. Kama ni lita 8, mpira unaolisha mashine lazima ujaze ndoo ya lita 20 kwa muda usiozidi dakika mbili na nusu, na mimi siridhiki mpaka ishuke chini ya dakika mbili. Pima mwisho wa mpira, siyo kwenye koki, na upime saa ileile utakayofanya kazi, maana maji ya alfajiri siyo ya saa nne. Mashine isiyoshiba maji inaunguruma kama inasaga changarawe. Ukisikia sauti hiyo zima, kwa sababu ukiendelea hapo ndipo pampu inapoharibika kweli.

Halafu kichujio, halafu mpira uliokunjika au kukanyagwa na gari. Halafu hewa, na hapa wengi hukosea. Kiungio kilicholegea upande wa maji kuingia, hasa mashine inapovuta kutoka kwenye tanki, huenda kisidondoshe hata tone. Badala ya kutoa maji nje, kinavuta hewa ndani. Wewe unatafuta unyevu huuoni, na mashine inaendelea kupiga kwikwi. Badilisha ringi ya mpira, kaza, kisha fungulia maji na ubonyeze bunduki kabla hujawasha mota, mpaka hewa yote itoke na maji yatiririke bila kukatika.

Ukifika kwenye nozo, itoe uitazame kwenye mwanga. Maji yenye mchanga hulitafuna tundu polepole, na tundu likipanuka kidogo tu presha inashuka. Nozo ni kitu cha bei ndogo, lakini nimeona watu wakibadilisha pampu nzima wakairudishia nozo ileile iliyokwisha. Soma na namba yake: nozo iliyoandikwa 25040 ina pembe ya digrii 25, na hizo tarakimu za mwisho ni ukubwa wa tundu. Ukiazima nozo ya mashine kubwa ukaifunga kwenye mashine ndogo, presha itashuka na hakuna kilichoharibika.

Ukimaliza hayo yote na bado maji yanaruka na kushuka kwa mpigo mmoja usiobadilika, hapo ndipo tunaingia ndani. Mashine nyingi za petroli za kazi zina pistoni tatu, na chembe moja ya mchanga ikikaa chini ya valvu moja, kile kilango kinachoruhusu maji yapite upande mmoja tu, pistoni hiyo inasukuma bure. Valvu huoshwa, si lazima kununua. Mafuta ya pampu yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yamepita kwenye sili, zile ringi zinazoyazuia yasivuje, na hiyo ni kazi ya kununua seti ya sili kabla chuma hakijaanza kutu.

"Presha kubwa ndiyo inayosafisha"

Hii ndiyo dhana inayoharibu nyumba za watu, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Ule weusi na ukijani unaouona ukutani baada ya masika ni kuvu na mwani. Ni vitu hai, vimeingia kwenye vitundu vya plasta na rangi. Ukivipiga kwa maji makali unakata vilivyo juu, mwenye nyumba anafurahi, anakulipa. Vilivyobaki ndani vinaota upya, na safari hii vinaota kwenye ukuta uliokwanguliwa, wenye vitundu vingi kuliko mwanzo. Miezi michache baadaye ukuta ni mchafu kuliko ulivyoukuta.

Kinachofanya kazi ni dawa na muda. Kwa ukuta wa rangi ya maji natumia dawa ya klorini iliyochanganywa na maji na sabuni kidogo, napulizia kwa bomba la mgongoni nikianzia chini kwenda juu ili isiache michirizi. Naiacha dakika kumi hadi kumi na tano, bila kuiacha ikauke, kisha nasuuza kwa nozo pana nikiwa nimesimama mbali. Maua na mchicha wa mwenye nyumba naumwagilia maji safi kabla na baada. Dawa hiyo haipitishwi ndani ya pampu, kwa sababu inakula sili na vyuma. Wala haichanganywi na dawa ya choo yenye asidi, hata tone. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua.

Zipo sehemu ambazo presha haitakiwi kabisa. Kwa walio Zanzibar, Lamu na Mombasa nasema kwa kusisitiza. Majumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo wa chokaa na kupigwa plasta ya chokaa. Ukuta wa namna hiyo ni laini na unapumua. Ukiupiga kwa maji ya presha unachimba chokaa kutoka kwenye maungio na kusukuma maji ndani ya jiwe, na maji hayo yanayeyusha chumvi iliyomo. Ukuta ukikauka chumvi inatoka juu na kuibandua plasta vipande vipande. Kuta hizo ni za brashi laini, maji kidogo na subira, na uchukue kwanza ushauri kwa mwenye kuzijua. Nimewahi kukataa kazi ya namna hii yenye malipo mazuri na sijutii.

Paa la asbesto nalo, yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi kwenye majengo ya zamani, usiliguse kwa presha hata ukiombwa vipi. Maji yanang'oa nyuzi zake, zinaruka hewani na kutapakaa uani zikikauka, na nyuzi hizo zikiingia mapafuni hazitoki. Husababisha saratani miaka mingi baadaye.

Kwenye pevingi presha inafaa, ila ukielekeza maji wima kwenye maungio unachota mchanga wote unaoshikilia matofali, na baada ya mwezi yanacheza. Lalisha maji yapige kwa mshazari, halafu rudisha mchanga pevingi ikishakauka. Zege jipya lipe siku 28 kwanza.

"Nozo nyekundu ni ya uchafu sugu"

Rangi zimekubalika karibu dunia nzima: nyekundu digrii 0, njano 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya sabuni. Nyekundu inatoa maji kama msumari. Inachora zege, inapasua mbao, inakata ubavu wa tairi. Kwa kuta na magari sina matumizi nayo, imefungwa kwenye kopo nyumbani.

Watu husahau kwamba umbali ni kama nozo ya pili. Nozo ya kijani ikiwa sentimita 30 kutoka ukutani inafagia upana wa takriban sentimita 13. Rudi nyuma hadi sentimita 60, upana unakuwa mara mbili na nguvu ileile imetawanyika. Mimi huanza na nyeupe, mbali, kwenye kona isiyoonekana, halafu nasogea kidogo kidogo mpaka uchafu uanze kuachia. Hapo nasimama, sisogei tena.

"Haivuti sabuni, mrija umeharibika"

Mara nyingi umeacha nozo ya presha. Kwenye mashine inayovuta sabuni baada ya pampu, mvuto hutokea presha ikiwa chini tu. Funga ile nyeusi, subiri sekunde chache, sabuni itakuja. Isipokuja, loweka mrija kwenye maji ya moto: sabuni ya jana imeganda ndani.

"Kamba ya kuwashia ni ngumu kuvuta, injini imekwama"

Maji yenye presha yamebaki kwenye pampu yanaikandamiza injini. Bonyeza bunduki yaishie, halafu vuta. Kijana mmoja alishalipa gharama za kufunguliwa injini kwa ajili ya hili tu.

"Inadondosha maji moto chini, imetoboka"

Ukiachia bunduki na injini ya petroli ikaendelea kuunguruma, maji huzunguka ndani ya pampu na kupata moto haraka. Mashine nyingi zina kivalvu kinachofunguka maji yakikaribia nyuzi joto 60 na kuyamwaga ili sili zisiungue. Kinakuokoa, usikizibe. Ukitaka kusogeza ngazi au kuongea na simu, zima. Dakika mbili za kuunguruma bila kutoa maji zinatosha kuwa nyingi.

Mashine ya umeme ni tofauti. Nyingi huzima mota zenyewe ukiachia bunduki. Ikijiwasha na kujizima huku hujabonyeza, kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni kwenye kiungio cha bunduki.

"Mota inanguruma haizunguki, imeungua"

Huenda bado haijaungua, ila itaungua ukiiacha hivyo. Zima papo hapo. Angalia waya wa ekstensheni: mrefu na mwembamba unanyonya umeme njiani, na uliozungushwa kwenye roli bila kukunjuliwa unapata moto mpaka plastiki inalainika. Kunjua wote, tumia waya mnene, au chomeka mashine kwenye soketi moja kwa moja na urefushe mpira wa maji badala ya waya. Jioni umeme ukiwa hafifu mtaani, kazi isubiri. Na soketi iwe na kile kikata-umeme cha kulinda mtu, kwa sababu umesimama kwenye maji.

"Maji ni maji"

Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi. Chumvi inakula valvu na vyuma vya pampu, na inaacha madoa meupe kwenye vioo vya mwenye nyumba. Kama huna maji mengine, yatumie, lakini kila jioni pitisha lita ishirini za maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kuihifadhi. Maji ya moto nayo usilishe mashine ya maji baridi bila kusoma kibandiko kinaruhusu nyuzi ngapi.

Na wale wanaosema mashine inamaliza maji: ya nyumbani hutumia lita 6 hadi 8 kwa dakika, wakati bomba la kawaida lililofunguliwa wazi hupita kiasi hicho kirahisi.

"Ni maji tu, hayaumizi"

Nimeona kijana akijiosha matope miguuni kwa bunduki, wenzake wanacheka. Nilimnyang'anya.

Maji ya mashine hizi yanaweza kutoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama, yakiwa yamebeba uchafu, sabuni na mafuta. Jeraha lake linadanganya: kitundu kidogo kama cha sindano, damu kidogo, mwanzoni hata maumivu si makali. Mtu anafunga kitambaa anarudi kazini. Ndani, uchafu umesambaa kwenye njia za mishipa ya vidole, na baada ya saa chache mkono unavimba na kuwa mgumu. Wapo waliokatwa kidole kwa kuchelewa. Vaa buti na miwani, usimwelekezee mtu bunduki, na usiguse nozo kuona kama imeziba wakati mashine inawaka.

Ikitokea maji yametoboa ngozi, hata kama kitundu hakionekani, nenda hospitali saa hiyohiyo. Ukifika usiseme umejikata. Sema umechomwa na maji ya mashine ya presha, taja dawa au sabuni uliyokuwa unatumia, na urudie maneno hayo kwa kila mhudumu atakayekuona mpaka daktari wa upasuaji aje autazame mkono.