Je, wajua M-Plan ya Mandela haikuwa mpango wa vita?

Miaka mingi nilikuwa naamini M-Plan ni mpango wa vita wa Mandela, yani nikiisikia tu nawaza mabomu na mafunzo ya msituni, na nimekutana na watu kibao wanaoamini hivyohivyo. Sio kweli. M-Plan ni ya 1953, wakati Umkhonto we Sizwe, lile jeshi alilosaidia kulianzisha, lilijitangaza Desemba 1961, hapo katikati kuna miaka nane nzima! Hiyo M ni ya jina lake tu. Na mwaka 1953 ANC, chama cha Mandela kule Afrika Kusini, kilikuwa bado halali, kinapinga ubaguzi bila silaha. Sasa mpango wa nini?

1952 watu zaidi ya 8,000 walikamatwa kwa kuvunja makusudi sheria za kibaguzi, Mandela akiwa kiongozi wa waliojitolea. Serikali ikaanza kuwapiga viongozi marufuku ya kuhudhuria mikutano, yeye akiwemo, hadi hotuba yake ya Septemba 1953 ikabidi isomwe na mtu mwingine. Chama kikajiuliza, siku kikifungiwa chenyewe kitaongeaje na watu?

Hapa ndo pananifurahisha mno, na Mtanzania ataelewa haraka maana balozi wa nyumba kumi anamjua, ingawa mfumo wetu ni wa baadaye, miaka ya 60. Kwenye M-Plan, nyumba kama kumi za mtaa zinakuwa na msimamizi wao, juu yake yupo wa mtaa, mitaa kadhaa inafanya kanda, kanda inaripoti kwenye tawi. Fikiria msiba uswahilini, hakuna spika wala tangazo, mmoja anagonga kwa jirani, jirani anamwambia wa nyuma ya ukuta, jioni daftari la rambirambi limeshazunguka mtaa mzima. Ujumbe wa chama ulitakiwa utembee hivyo, na nyumbani humohumo watu wafundishwe jinsi wanavyotawaliwa na kwa nini mabadiliko yanahitajika.

Ila tusikuze mambo, haukushika kila mahali. Mji wa Port Elizabeth, hasa kitongoji chake cha New Brighton, ulishika vizuri, kwingine ulisuasua kwa sababu hakukuwa na hela ya kuwalipa waratibu na matawi mengine yalihisi makao makuu yanataka kuyanyang'anya madaraka. Aprili 1960 marufuku ya chama ikaja kweli, na maeneo mengi bado hayakuwa tayari.