Risasi za kujaza mwenyewe: mnayoambiana na ukweli wenyewe

Vijana wetu wa Tanga walioko Afrika Kusini na Marekani siku hizi wameingia kwenye shabaha na uwindaji, na huko mwenye bunduki yake kihalali anaweza kununua maganda, praima (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na vichwa (ile ncha inayoruka) akajaza risasi mwenyewe. Sasa zikigoma ndo wanatuma voisi noti huku barazani Ngamiani utadhani sisi ni kiwanda. Kabla hatujaenda mbali, hapa Tanzania usijaribu. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa, na ile leseni yako ya kumiliki bunduki haihusiani kabisa na kutengeneza.

Haya, tuje kwenye maneno yenyewe.

"Baruti ni baruti tu"

Hii ndo mbaya kuliko zote. Baruti nyeusi ya zamani na hii isiyo na moshi ni vitu viwili tofauti, hii ya pili aliitengeneza Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884 na nguvu yake iko mbali sana na ile. Sisi watu wa Tanga tungetakiwa tulijue hili kuliko wote maana vita vya Novemba 1914 vilipiganwa hapahapa mjini, na askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado na bunduki za modeli ya 1871 za baruti nyeusi, ukipiga moja tu moshi unamwonyesha adui ulipojificha, mpaka Waingereza walipokimbilia melini wakaacha bunduki za kisasa na marisasi kibao ndo jamaa wakapata za maana. Na ile ya mabomu ya kuvulia samaki tusiitaje kabisa, ile inalipuka, ya raifo inaungua.

Afu hata hizo zisizo na moshi zenyewe hazifanani, kuna za kuungua haraka za bastola na za kuungua taratibu za raifo, ukizikosea bunduki inapasukia usoni. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo mezani linakaa kopo moja tu, kipimo unakitoa kwenye kitabu cha kampuni iliyotengeneza baruti hiyohiyo, na kopo lisilo na lebo linaharibiwa hata kama limejaa. Najua inauma.

"Ukipunguza baruti uko salama"

Si kweli. Unaanza na kipimo cha chini cha kitabu, sawa, ila chini ya hapo hushuki. Baruti ikipungua sana kichwa kinaweza kukwama katikati ya mtutu, wewe umesikia mlio hafifu ukadhani kawaida, unapiga ya pili, mtutu unapasuka. Mlio ukiwa wa ajabu simama, elekeza mtutu mahali salama, toa ganda, hakikisha bunduki haina kitu, afu ndo uchungulie mtutu kama uko wazi.

Na hapa wengi tatizo lao ni mizani wala si baruti. Vitabu vinahesabu kwa greni, gramu moja ni greni 15 na ushee, na mizani za betri zina kitufe cha kubadilisha kipimo, ukikigusa bila kujua umeshapotea. Feni nayo! Mizani ndogo vile inasoma upepo wa feni, namba zinacheza tu, mtu anaongeza baruti na kupunguza kumbe anapima upepo. Zima feni, vumilia jasho.

"Praima ni mbovu, zimeingia unyevu"

Inawezekana, ila angalia kwanza. Kama risasi imegoma ukaipiga tena ikaitika, mara nyingi praima haikukaa mpaka chini, kile kipigo cha kwanza cha pini ya bunduki ndo kilichoisukuma ikakaa vizuri. Ukimaliza kujaza pitisha kidole kwenye kitako cha ganda, praima inatakiwa iwe chini kidogo ya usawa, ukiisikia imejitokeza hiyo haifai. Na ikigoma usikimbilie kufungua bolti, lile komeo la nyuma ya mtutu, mtutu ubaki kwenye shabaha sekunde 30 angalau maana kuna zinazochelewa kuitika. Mambo ya kuzihifadhi praima kwenye chupa ya Blue Band acheni, moja ikilipuka zinaitika zote, ziache kwenye pakiti yake.

"Risasi haiingii, chemba ndogo"

Chemba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, haijasinyaa ndugu yangu, angalia ganda. Paka risasi moja ya mfano, isiyo na baruti wala praima, kwa maka peni, iingize, itoe, utaona wino umekwanguka wapi. Ukikwanguka begani, pale ganda linapoanza kubana kuelekea shingoni, ujue dai (kile kifaa cha kulirudisha ganda umbo lake) haikushuka vya kutosha, au umebana kichwa kwa nguvu bega likavimba. Ukikwanguka mdomoni, shingo imerefuka, maana ganda linarefuka kila likitumika na inabidi ulikate. Ganda kukwama ndani ya dai ni umelipaka mafuta kidogo, na likitoka na kidimbwi begani ni mafuta mengi.

Pini ya dai, ile inayosukuma praima iliyotumika itoke, ikivunjika msiilaumu dai, mulika tochi ndani ya ganda kwanza. Ukiona vitundu viwili hilo ni la mtindo wa Berdan, pini ya kawaida haitoboi hapo. Cha kuchekesha Berdan mwenyewe alikuwa Mmarekani ila mtindo wake ukapendwa Ulaya, na wa kitundu kimoja wa Boxer, Mwingereza, ndo wanaoutumia Marekani.

"Praima haijabonyea bapa, kwa hiyo presha iko poa"

Praima kubonyea bapa ni ishara ya presha kubwa, ila ishara hiyo peke yake haitoshi, kuna praima ngumu na kuna laini. Presha ya .308 Winchester, risasi ya raifo, inaruhusiwa hadi psi (paundi kwa inchi ya mraba) 62,000, tairi ya gari yako ni kama 30 tu, hapo hamna cha kubahatisha. Bolti ikianza kuwa nzito kufungua ushavuka mstari. Na kuna joto, risasi iliyopimwa kwenye baridi ukiichomekea kwenye jua la kama hapa kwetu presha inapanda, sembuse iliyokaa kwenye deshibodi.

"Ganda likiwa linang'aa ni zima"

Kung'aa ni urembo. Tazama juu kidogo ya kitako, kama kuna mstari umelizunguka ganda kama pete hapo linataka kukatika. Chukua kipini cha karatasi, kikunje ncha, kwaruza ndani kwa kuanzia chini, ukisikia kimenasa kwenye kimfereji ganda hilo limekwisha, liponde kwa koleo hapohapo, maana ukiliacha zima mezani kesho utalijaza tena.