"Daktari Ndiye Aliyeandika" Si Kinga kwa Muuguzi

Katika wadi za Kisumu na Kakamega utasikia muuguzi akijitetea: daktari ndiye aliyeandika dawa, mimi nimedunga tu. Wengi huamini kosa likitokea, lawama ni ya daktari au hospitali. Si kweli.

Muuguzi ana leseni yake mwenyewe, aliyopewa na Baraza la Wauguzi la Kenya chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257. Baraza hilo linaweza kumwadhibu hata kama agizo lilitoka kwa daktari.

Chukua mfano wa dawa iitwayo potasiamu kloridi. Haidungwi moja kwa moja mshipani. Huchanganywa kwenye dripu na kuingizwa polepole, maana ikiingia kwa kasi husimamisha moyo. Ikiwa saa nane usiku daktari mchovu ameandika dozi bila kutaja kuchanganywa, muuguzi anatarajiwa kulitambua kosa hilo, kwani ndilo alilosomea. Asidunge. Ampigie daktari, na daktari akishikilia, amwite msimamizi wa zamu. Kisha aandike kwenye faili: saa ngapi, alimpigia nani, alijibiwa nini. Mahakamani, jambo lisiloandikwa ni gumu mno kulithibitisha. Na msimamizi anayemkemea muuguzi kwa kuuliza agizo anamhatarisha mgonjwa. Tabia hiyo ikome.

Ni kweli hospitali hushtakiwa kwa makosa ya wafanyakazi wake, na mara nyingi ndiyo hulipa fidia. Lakini fidia hiyo haimrudishii muuguzi leseni, wala haizuii mashtaka ya jinai pale uzembe unapokuwa mkubwa. Daktari naye hujibu kwa sehemu yake.