Je, Wajua? Mti Uliokufa Hauangushi Majani

Kila mwaka, kipupwe kinapoelekea ukingoni na wakaazi wa Nairobi wanapoanza kuyaacha makoti nyumbani, jakaranda nyingi za jijini hugeuka manjano, zikapukutisha majani, kisha baada ya wiki chache zikavaa maua ya zambarau hata kabla mvua za vuli hazijashika. Ni rahisi kuona hapo funzo la kuachilia ya kale ili mapya yapate nafasi, na mimi mwenyewe nililiona. Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia kadi rafiki yangu ambaye alikuwa amelazimika kulifunga duka lake, nikimshauri aachilie yaliyopita kama mti unavyoyaacha majani makavu yapeperushwe na upepo. Hakunijibu. Baadaye niligundua kwamba ushauri ule ulikuwa na kosa la kibotania, tena si moja.

Aliyenishtua kwanza alikuwa mzee mmoja mtunza bustani mtaani Kileleshwa. Katika ua aliokuwa akiufagia palikuwa na muhuti, ule mti wa maua mekundu ambao jina lake la Kikuyu ndilo wengi jijini wanalolijua, na ambao nao hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mti wote ulikuwa uchi, isipokuwa tawi moja lililovunjika miezi kadhaa nyuma na kubaki likining'inia kwa ganda. Tawi hilo lilikuwa limejaa majani, ya rangi ya kahawia, makavu kiasi cha kusagika mkononi, lakini yameshikilia. Nikamuuliza mzee kwa nini upepo ulioyaangusha yale mengine yote haukuyagusa haya.

"Tawi hilo limekufa, dada," akasema bila kuacha kufagia. "Kilichokufa hakiangushi majani."

Nilimshukuru kwa adabu, nikaenda zangu nikiamini amekosea. Hakuwa amekosea hata kidogo. Mimi, kama wengi, nilikuwa nimeshika kwamba jani huzeeka, hukauka, hulegea, kisha upepo hulichukua; yaani kuanguka ni jambo linalolipata jani wakati mti umesimama tu ukitazama. Kumbe kuangusha jani ni kazi, na kazi hiyo hufanywa na seli zilizo hai. Mti ukifa ghafla, au tawi likivunjika likiwa na majani mabichi, hakuna tena wa kuifanya kazi hiyo, na majani hubaki yakining'inia mpaka yaoze au yapasuliwe na upepo. Anayeshindwa kuachilia, basi, ni yule aliyekwisha kufa, nami nilikuwa nimemwandikia rafiki yangu kinyume chake.

Kazi yenyewe hufanyika pembamba mno, kwenye shina la kikonyo, pale jani linapoungana na kijiti. Hapo pana tabaka la seli ndogo ndogo lililopita kikonyo kwa upana, na la kushangaza ni kwamba tabaka hili huandaliwa jani lingali changa, kabla halijatoa huduma yoyote ya maana. Mahali pa kuachana hujengwa mapema, kisha hunyamaza kwa miezi.

Kinacholinyamazisha ni homoni iitwayo oksini, ambayo jani lenye afya huitengeneza na kuituma kupitia kikonyo bila kukoma. Anayekaa katika nyumba ya kupanga Nairobi hahitaji maelezo marefu hapa. Maadamu ujumbe wa malipo unaingia kwenye simu ya mwenye nyumba kila mwezi, hakuna anayekuja kugonga mlango. Jani likizeeka, au kiangazi kikilibana, oksini hupungua, na ujumbe huanza kuchelewa. Hapo ndipo tabaka lile linapoanza kuisikia gesi ya ethilini, ambayo awali lilikuwa kama halina masikio nayo. Ni gesi ile ile inayofanya kazi mtu anapovundika ndizi kwenye gunia pamoja na parachichi lililoiva. Watu waliiona nguvu yake kwa majani kabla ya kujua ni nini: katika karne ya 19, miji ya Ulaya ilipokuwa ikiwasha taa za barabarani kwa gesi, miti iliyosimama karibu na mabomba yaliyovuja ilipukutisha majani nje ya majira yake. Mwaka 1901 Dimitry Neljubow, aliyekuwa akichunguza miche ya njegere huko St. Petersburg, alionyesha kwamba kilichokuwa kikiisumbua miche hiyo katika gesi ya taa ni ethilini.

Kuhusu oksini, jaribio la zamani ni rahisi kiasi kwamba hata mtu asiye na maabara anaweza kulianza. Ukilikata bapa la jani ukaacha kikonyo peke yake kwenye shina, baada ya siku kadhaa kikonyo hicho huanguka chenyewe, ingawa hakuna aliyekigusa tena. Ukikipaka oksini mahali ulipokata, hubaki. Mlipaji ameondoka, lakini malipo yanaingia, na mwenye nyumba hana haja ya kujua zaidi.

Malipo yakikatika, seli za lile tabaka hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kile kinachozigandisha pamoja. Ukuta wa matofali unaweza kuuangusha kwa nyundo, na hapo utapata vipande; lakini ukiweza kuyeyusha saruji iliyo kati ya matofali, kila tofali litatoka zima, na ukuta utatengana kwa mstari ulionyooka. Ndivyo mti unavyofanya, na ndiyo maana kovu linaloachwa na jani la muhuti ni laini, si mchaniko. Upande unaobaki mtini nao hupigwa lipu: seli zake huwekewa kinga ya aina ya gome ili maji yasitoke na maradhi yasiingie. Upepo huja mwishoni kabisa, kama kijana wa mkokoteni anayeitwa kazi ikiwa imekwisha.

Tena kabla ya hayo yote jani huwa limehamishwa vyombo. Klorofili, ile inayolipa jani ukijani wake, huvunjwa, na rangi ya manjano iliyokuwapo tangu mwanzo, lakini imefunikwa na kijani, huonekana. Nitrojeni na fosforasi hurudishwa kwenye matawi, mara nyingi nusu au zaidi ya kiasi kilichokuwamo, ingawa tofauti kati ya aina za miti na aina za udongo ni kubwa. Wapangaji wa Nairobi wanaohama na balbu zao wataelewa. Kalisi haihamishiki kwa njia hiyo, kwa hiyo huachwa kama misumari ukutani. Linaloanguka si jani lililokufa na kutupwa kwa kuwa ni baya. Ni jani lililorithiwa likiwa hai.

Kosa jingine la kadi yangu lilihusu nafasi. Nilidhani jani huondoka ili chipukizi lipate pa kutokea. Lakini tazama kovu hilo la muhuti kwa karibu: juu yake kidogo, kwapani mwa jani, chipukizi lipo tayari, na lilikuwapo jani likiwa bado la kijani. Hali ni hiyo hiyo katika nchi zenye majira ya kuchipua, ambayo Kiswahili, chenye masika, vuli na kipupwe, kimelazimika kuyaundia jina la maneno matatu. Machipukizi yanayofunguka kule mwezi Machi au Aprili yalitengenezwa wakati wa joto wa mwaka uliotangulia, na majani yaliangushwa yapata miezi sita nyuma. Anayewahimiza watu waachilie majira ya kuchipua yanapofika amechelewa kwa nusu mwaka, kwa kalenda ya miti walau.

Nafasi inayopatikana ni ya maji. Jani hupoteza maji kwa wingi, na katika kiangazi mti wenye majani mengi una matumizi kuliko mapato. Rolf Borchert, aliyechunguza miti ya misitu mikavu ya Costa Rica, alionyesha kwamba baadhi ya miti hiyo ikishapukutika, matawi yake hujaa maji tena na huweza kuchanua kabla tone la mvua halijaanguka. Maelezo hayo yanaukaa vizuri mwenendo wa jakaranda na muhuti, ila ni lazima isemwe kwamba vipimo ni vya Costa Rica, na kuvihamishia Nairobi kunataka uangalifu. Jakaranda asili yake ni Argentina na Bolivia, ambako huchanua takriban miezi hii hii, nao wapo wanaosema kwamba mti unakumbuka majira ya kwao. Ningelisema hilo kwa sauti ya chini. Nairobi iko karibu sana na ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki hata robo saa. Kalenda ya jua unayoweza kuisoma mti hapa imeandikwa kwa herufi ndogo sana.

Isitoshe, jakaranda si mpukutishaji mwaminifu. Iliyo kwenye nyasi zinazomwagiliwa kila jioni, au kando ya bomba linalovuja, mara nyingi hubaki na sehemu kubwa ya majani yake, na Oktoba ikifika huchanua vivyo hivyo, zambarau juu ya kijani.